Hivi kisheria uhaini ni nini hasa, au ni tusi tu tunalotupiana tukikasirika?

#1 Fundi Saa

Habari zenu wakuu. Nina swali ambalo limeninyima raha tangu juzi. Katika kundi letu la ukoo la WhatsApp kulizuka ubishi kuhusu mkataba wa serikali na kampuni ya kigeni. Binamu yangu aliandika kwamba waliotia saini mkataba ule wameuza nchi, kwa hiyo ni wahaini wa kunyongwa. Haikupita dakika, baba mdogo, ambaye ni mtumishi wa umma mstaafu, akamjibu kwamba mhaini ni yule anayeichafua serikali yake mbele ya wageni, na kwamba wa kukamatwa ni binamu mwenyewe. Kwa saa nzima watu wawili wa damu moja waliitana wahaini, kila mmoja akiamini kwamba sheria iko upande wake, mpaka shangazi akalifunga kundi ili wasimamizi tu waweze kuandika.

Naomba wanaoifahamu sheria wanisaidie: kati ya hao wawili, ni nani alikuwa sahihi? Sitaki kujua nani mzalendo zaidi. Nataka kujua sheria inasemaje.

#2 Kalamu Nzito

Mkuu, swali lako lina jibu fupi. Mhaini ni yule aliyejaribu akashindwa. Hezekiah Ochuka alijitangaza kiongozi wa Kenya asubuhi ya tarehe 1 Agosti 1982, na baada ya saa chache mambo yakamgeukia. Alikimbilia Tanzania, akarudishwa, na mwaka 1987 akanyongwa. Angefanikiwa, picha yake ingetundikwa katika kila ofisi ya umma, na wale waliomnyonga ndio wangeitwa wahaini. Mengine yote mtakayoambiwa hapa ni mapambo ya wanasheria.

#3 Kivuli cha Mwembe

Shukrani kwa mada. Nimewahi kufanya kazi ya uwakili, kwa hiyo naomba radhi kama nitawachosha na vifungu.

Si kweli kwamba uhaini ni chochote anachokitaka mwenye nguvu, na historia ya sheria yenyewe inaonyesha kinyume chake. Sheria ambayo ni bibi wa sheria zetu nyingi ilitungwa Uingereza mwaka 1351, enzi za Mfalme Edward wa Tatu, kwa sababu wakubwa wa nchi walikuwa wamechoka kuona kila kosa linageuzwa kuwa uhaini. Aliyetiwa hatiani kwa uhaini, ardhi yake ilichukuliwa na mfalme badala ya kurudi kwa mwinyi wake, na hapo mnaweza kuona ni nani aliyenufaika mashtaka yalipoongezeka. Walichokidai wakubwa wale ni orodha iliyofungwa: kukusudia kifo cha mfalme, kumpiga vita mfalme ndani ya himaya yake, kuwa upande wa maadui zake kwa kuwapa msaada na faraja, pamoja na machache mengine kama kughushi muhuri mkuu wa mfalme na kumuua jaji akiwa kazini.

Wakoloni waliibeba orodha hiyo na kuipanda katika Kanuni za Adhabu za makoloni yao, ndiyo maana kifungu cha 39 cha Tanzania na kifungu cha 40 cha Kenya vinafanana kama watoto wa mama mmoja, isipokuwa pale aliposimama mfalme sasa amesimama Rais au Jamhuri.

Kwa hiyo, Fundi Saa, kwa maoni yangu binamu na baba mdogo wamekosea wote wawili. Kutia saini mkataba mbovu kunaweza kuwa rushwa, matumizi mabaya ya madaraka, au kwa sheria za Tanzania uhujumu uchumi, lakini aliyetia saini hakupiga vita wala hakuwasaidia maadui, maana mfanyabiashara wa kigeni si adui kwa maana ya sheria, hata angekuwa na tamaa kiasi gani. Na kuisema vibaya serikali, mbele ya wageni au ya wenyeji, kwa kawaida ni haki ya raia. Kukizidi sana, mwendesha mashtaka atatafuta kifungu cha uchochezi.

#4 Msomaji Kimya

Mimi huwa nasoma tu, lakini leo naomba kuuliza. Kama maneno si uhaini, mbona Mandela alifungwa maisha kwa uhaini ilhali alikuwa anapigania haki kwa hotuba na maandamano? Na wale mume na mke wa Marekani, akina Rosenberg, hawakunyongwa kwa uhaini kwa sababu ya kutoa karatasi tu?

#5 Bahari Kuu

Karibu uwanjani, Msomaji Kimya. Umeingia na mifano 2, na yote 2 inahitaji kunyooshwa.

Kesi ya uhaini ya Afrika Kusini ilianza Desemba 1956 kwa kukamatwa watu 156, Mandela akiwa mmoja wao. Upande wa mashtaka ulishikilia kwamba Mkataba wa Uhuru uliopitishwa Kliptown mwaka 1955 ulikuwa mpango wa kuiangusha serikali kwa nguvu. Miaka ikapita, mashtaka yakapunguzwa, washtakiwa wakapunguzwa, na tarehe 29 Machi 1961 wale waliobaki wakaachiwa huru, kwa kuwa mahakama haikuona ushahidi kwamba sera ya chama chao ilikuwa kutumia mabavu. Kifungo cha maisha cha mwaka 1964 kilitoka katika kesi nyingine, ile ya Rivonia, ambako shtaka lilikuwa hujuma. Jaji De Wet alipokuwa akitoa adhabu alieleza kwamba kwa asili yake kosa lile lilikuwa uhaini, ila serikali imeamua kutolishtaki kwa jina hilo. Hebu fikirini: serikali iliyotamani sana kumwita mtu mhaini, ilipofika mahakamani kwa mara ya pili ikalikwepa neno lenyewe kwa sababu lina masharti magumu ya ushahidi.

Kuhusu akina Rosenberg, waliuawa mwaka 1953 kwa kula njama ya ujasusi. Na hawakunyongwa, waliuawa kwa kiti cha umeme. Shtaka la uhaini lingekwama, kwa sababu siri zinazodaiwa kutolewa zilikwenda Umoja wa Kisovieti wakati wa vita, na wakati huo Wasovieti walikuwa washirika wa Marekani. Huwezi kumsaidia adui ambaye bado ni rafiki.

#6 Kalamu Nzito

Bahari Kuu, umenijengea hoja yangu bila kujua. Wanaweza kuchagua jina la kosa kama mtu anavyochagua shati la kuvaa. Uhaini ukibana, wanavaa hujuma. Hujuma ikibana, wanavaa ujasusi. Kivuli cha Mwembe anatuambia orodha imefungwa, nami nasema mlango wa nyuma uko wazi.

#7 Kivuli cha Mwembe

Kuchagua shtaka ni jambo moja na kuthibitisha shtaka ni jambo jingine. Wale wa mwaka 1961 walitoka kwa sababu ya kuthibitisha.

#8 Mama Wawili

Salaam. Naona wote mnazungumzia kitendo, kana kwamba kosa zima liko kwenye kitendo. Mimi nadhani kiini cha uhaini ni utii. Ili umsaliti mtu lazima kwanza uwe umefungwa naye kwa ahadi. Mgeni akija kukuibia ni mwizi, hawezi kuwa msaliti. Wafaransa wameliweka hili wazi kuliko wengine: kwa Kanuni yao ya Adhabu kitendo kilekile, tuseme kuipa nchi ya nje siri za ulinzi, kikifanywa na Mfaransa kinaitwa uhaini na kikifanywa na mgeni kinaitwa ujasusi. Matendo ni pacha, majina tofauti, na tofauti yote ni uhusiano wa mtu na nchi.

Mfano wa pili ni William Joyce, Mwingereza aliyeitangazia redio ya Hitler wakati wa vita. Alinyongwa Januari 1946.

#9 Bahari Kuu

Dada Mama Wawili, hoja yako naikubali, lakini Joyce hakuwa Mwingereza, na hapo ndipo utamu wa kesi yake ulipo. Alizaliwa Brooklyn, akawa raia wa Marekani kwa kuzaliwa, kisha akapata pasipoti ya Uingereza kwa kudanganya mahali alipozaliwa. Mawakili wake walisema: huyu si raia wenu, atawasaliti vipi? Mabwana majaji wakajibu kwamba mtu anayetembea duniani akikingwa na pasipoti ya mfalme anawiwa utii na mfalme huyo mpaka pasipoti imalizike au airudishe. Kwa hiyo alinyongwa kwa nguvu ya kijitabu alichokipata kwa uongo. Wapo wanasheria wanaoamini mpaka leo kwamba hukumu ile ilisukumwa na hasira ya vita kuliko mantiki.

#10 Mama Wawili

Ahsante kwa masahihisho, kaka. Lakini unaona kwamba hata aliyezaliwa nje ilibidi kwanza atafutiwe utii ndipo anyongwe. Hakuna aliyesema tunyonge tu kwa kuwa alitangaza. Hoja yangu imesimama.

#11 Nukta na Mkato

Mmenikumbusha kesi ninayoipenda kuliko zote, na msicheke jina langu la hapa, maana ndiko lilikotoka. Roger Casement alikuwa mtumishi wa ubalozi wa Uingereza aliyepewa heshima ya kuitwa «Sir», kisha akaamua kupigania uhuru wa Ayalandi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ujerumani kuwashawishi wafungwa wa vita wenye asili ya Ayalandi waunde kikosi cha kupigana na Uingereza. Alipokamatwa mwaka 1916 akashtakiwa kwa sheria ileile ya 1351 aliyoitaja Kivuli cha Mwembe.

Sasa, sheria ile iliandikwa kwa Kifaransa cha zamani, na maneno yake yanaweza kuwekwa hivi kwa Kiswahili: «akiwa upande wa maadui wa Mfalme ndani ya himaya yake akiwapa msaada na faraja ndani ya himaya au mahali pengine». Wekeni mkato baada ya «faraja ndani ya himaya», halafu someni tena. Mkato ukiwepo, «au mahali pengine» inarudi nyuma mpaka kwenye kuwa upande wa maadui, na Casement aliyekuwa Ujerumani ananaswa. Mkato usipokuwepo, inawezekana kusoma kwamba mkosaji lazima awe amesimama ndani ya himaya, na kilicho mahali pengine ni msaada tu, hivyo Casement anatoka. Mawakili wake walishikilia usomaji huo wa pili. Majaji 2 wa rufaa walikwenda kuyatazama maandishi ya asili, mahakama ikaamua kwamba sheria inawagusa hata walioko nje, na tarehe 3 Agosti 1916 akanyongwa. Ndiyo maana watu husema alinyongwa kwa mkato.

Anayedhani sheria ya uhaini imeandikwa kwa uwazi na akajaribu kuisoma polepole jioni, atalala na mashaka.

#12 Karani wa Zamani

Nimesoma mpaka hapa kwa utulivu, lakini nyote mnazungumza kama watu walioiona kesi ya uhaini vitabuni. Mimi niliiona ikiwa kwenye jalada.

Nilikuwa karani katika mahakama ya chini. Siku mshtakiwa wetu wa uhaini alipoletwa, chumba kilikuwa na askari wengi kuliko wananchi. Hakimu alisoma hati ya mashtaka yote, maneno mazito mfululizo, kisha akainua macho akamwambia mshtakiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza shauri hilo. Mshtakiwa, mtu wa makamo aliyevaa kandambili, akauliza kwa adabu kabisa: «Sasa mheshimiwa, hapa nimeletwa kufanya nini?» Watu wakacheka, hata askari mmoja. Hakimu akapanga tarehe ya kutajwa.

Baada ya hapo nililifungua jalada lile kila baada ya siku 14, na kila mara niliandika sentensi moja: upelelezi haujakamilika. Ilifika mahali nikawa naiandika kabla mwendesha mashtaka hajamaliza kusimama. Yule bwana alikonda mbele ya macho yangu. Mwisho wake upande wa mashtaka ulieleza kwamba hauna nia ya kuendelea na kesi, naye akatoka na kandambili zake. Hakuna aliyewahi kutuambia alimpiga vita nani.

Kwa hiyo nikiulizwa maana ya uhaini kisheria, nitasema kwanza kabisa ni shtaka lisilo na dhamana.

#13 Kalamu Nzito

Karani, hapo umemaliza kazi. Waliosoma sheria wanatafuta maana yake katika hukumu, wakati wanaoitumia hawana haja na hukumu. Mwaka 2017 Hakainde Hichilema wa Zambia alishtakiwa kwa uhaini baada ya kudaiwa kwamba msafara wake wa magari haukuupisha msafara wa Rais Lungu. Alikaa ndani miezi 4, Mkurugenzi wa Mashtaka akaifuta kesi, na mwaka 2021 mhaini huyohuyo akaapishwa kuwa Rais. Raila Odinga naye alishtakiwa kwa uhaini baada ya jaribio lile la 1982. Shtaka likaondolewa, akabaki kizuizini bila kesi mpaka 1988. Kutokupisha gari, wakuu. Hebu nionyesheni iko wapi katika orodha ya mwaka 1351.

#14 Kivuli cha Mwembe

Sitetei kesi ya Zambia, na kama ningekuwa wakili wake ningeomba ifutwe siku ya kwanza. Lakini nakataa kwamba matumizi mabaya ya kifungu ndiyo maana ya kifungu. Kisu cha jikoni kinaweza kuua. Hatuandiki katika kamusi kwamba kisu ni silaha ya mauaji.

#15 Karani wa Zamani

Mwanangu, kisu kikitumika kuua mara kumi na jikoni mara moja, mwandishi wa kamusi atalazimika kufikiri upya.

#16 Pwani Mchana

Mbona hamjauliza uhaini hutendwa dhidi ya nani? Kesi ya kusoma ni ya wanachama 18 wa chama cha upinzani cha CUF wa Zanzibar, Machano Khamis Ali na wenzake, waliokamatwa kuanzia mwishoni mwa 1997 na kukaa rumande zaidi ya miaka 2. Walishtakiwa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar kwa uhaini dhidi ya Zanzibar. Shauri likafika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, na mwaka 2000 mahakama ikatamka kwamba uhaini hutendwa dhidi ya dola yenye mamlaka kamili, dola hiyo ni Jamhuri ya Muungano, na Zanzibar peke yake haihesabiki hivyo. Waliachiwa mwaka huohuo.

Sasa tazameni kinaya chake. Washtakiwa walipata nafuu kwa hoja ambayo Wazanzibari wengi, wakiwemo wenye kuwaonea huruma washtakiwa hao, hawakupenda kuisikia, yaani kwamba visiwa vyao si dola. Kesi ya uhaini ilikuwa inamhusu mtu na serikali yake, ikaishia kuwa kesi ya Muungano. Mimi mpaka leo sijui kama nifurahi au ninune.

#17 Nukta na Mkato

Pwani Mchana, hiyo imenigusa, na inaungana na jambo jingine. Huko Marekani John Brown, mpinga utumwa, alinyongwa mwaka 1859 kwa uhaini dhidi ya jimbo la Virginia, ilhali hakuwa mkazi wa Virginia. Kumbe hata swali la Mama Wawili kuhusu utii lilizikwa pale mara moja.

#18 Mama Wawili

Halikuzikwa, liliulizwa na mawakili wake na likapuuzwa. Kupuuzwa si kujibiwa.

#19 Mzizi wa Neno

Naomba nitoke kidogo nje ya vifungu, nitarudi. Tatizo la kundi la Fundi Saa nadhani ni la lugha kabla ya kuwa la sheria. Haini na hiana zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kuvunja uaminifu. Mswahili akisema fulani ana hiana, hamaanishi kwamba amepindua serikali; anaweza kumaanisha tu kwamba amemnyima jirani kitu alicho nacho tele. Tulipohitaji neno la kutafsiri kosa la kuupiga vita ufalme, tulilichukua neno la moyoni tukalivika joho la mahakama. Ndiyo maana binamu akiona viongozi wamevunja uaminifu, neno linalomjia ulimini ni uhaini, na kwa maana ya zamani ya neno yuko sahihi kabisa. Baba mdogo naye akisikia mtoto wa nyumba anasema mambo ya ndani kwa watu wa nje, analisikia lilelile.

Mimi ningependekeza tubaki na «usaliti» kwa hasira zetu, na «uhaini» tuwaachie mahakama.

#20 Kalamu Nzito

Pendekezo zuri, ila nani atawapelekea barua wanasiasa?

#21 Fundi Saa

Nashukuru sana wote, nimejifunza mengi. Lakini Kivuli cha Mwembe, nimesoma kifungu cha 40 cha Kenya kama ulivyoelekeza, na kinasema mtu anaweza kuidhihirisha nia yake ya uhaini kwa kuchapisha maandishi au kwa tendo lolote la wazi. Kumbe maneno nayo yamo? Baba mdogo akiliona hilo nimekwisha.

#22 Kivuli cha Mwembe

Umesoma vizuri, na nakiri kwamba katika #3 nilirahisisha. Maandishi yamo, lakini tazama yanadhihirisha nini. Nia yenyewe lazima iwe moja ya zile zilizotajwa, kama kumuua Rais au kumwondoa madarakani kwa njia zisizo halali. Maandishi ni dirisha la kuionea nia. Hayawi kosa kwa kuwa makali. Aliyeandika kwamba serikali hii ni ya wezi na iondoke, ameonyesha nia ya serikali kuondoka, lakini hajaonyesha njia haramu. Mwendesha mashtaka ndiye anayetakiwa kuithibitisha njia hiyo.

Wamarekani waliliogopa sana jambo hili. Katiba yao inasema uhaini ni kuipiga vita nchi au kuwa upande wa maadui kwa kuwapa msaada na faraja, basi, na mtu hatiwi hatiani bila mashahidi 2 wa tendo moja la wazi, au bila kukiri mbele ya mahakama ya wazi. Aaron Burr, aliyewahi kuwa Makamu wa Rais, alishtakiwa mwaka 1807 huku Rais Jefferson akiwa ameshatangaza kwamba ana hatia, lakini Jaji Mkuu Marshall aliibana tafsiri ya kupiga vita mpaka Burr akaachiwa. Tangu hapo kesi za uhaini kule ni za kuhesabu. Hata waliovamia bunge lao Januari 2021, walioshtakiwa kwa makosa mazito zaidi walishtakiwa kwa njama ya uasi, si uhaini, ingawa katika mijadala neno la pili ndilo lililotawala.

#23 Karani wa Zamani

Njia haramu. Nani anaamua, na anaamua lini? Mahakama inaamua mwisho. Polisi wanaamua alfajiri.

#24 Pwani Mchana

Na wapo wanaosema kinachopaswa kulindwa ni Katiba badala ya mtu. Katiba ya Uganda, ibara ya 3, inamwita mhaini yule anayeipindua au kuisimamisha Katiba kwa nguvu au kwa njia nyingine zisizo halali. Pakistan nayo ina ibara ya 6 ya aina hiyo, na ndiyo iliyomnasa Jenerali Musharraf: alihukumiwa kifo Desemba 2019 akiwa nje ya nchi, kwa sababu aliisimamisha Katiba mwaka 2007 akiwa Rais. Mwezi uliofuata Mahakama Kuu ya Lahore ikaitengua mahakama iliyomhukumu, na Januari 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu, marehemu akiwa ameshazikwa karibu mwaka mzima. Kwa mtazamo huo, mhaini anaweza kuwa ndiye aliyekaa Ikulu. Hapo hoja ya Kalamu Nzito ya #2 inapata mtihani, kwa sababu Musharraf alijaribu na alifanikiwa.

#25 Kalamu Nzito

Alifanikiwa, kisha akaondoka madarakani. Angebaki, hukumu hiyo isingeandikwa. Lakini nakupa nusu ya pointi.

#26 Msomaji Kimya

Nina hofu moja ndogo. Nimeona kwamba sheria hizi zina kosa la kujua kwamba mtu anakusudia uhaini na kukaa kimya, na adhabu yake ni kifungo cha maisha. Sasa sisi tuliosoma uzi huu mpaka hapa bila kutoa taarifa?

#27 Mzizi wa Neno

Wewe kwa jina lako tu umeshajitia hatiani.

#28 Msimamizi

Wadau, uzi unaendelea vizuri na hakuna matusi, kwa hiyo unabaki wazi. Nimeondoa machapisho 3 yaliyojadili kesi ambazo bado ziko mahakamani. Kesi zilizokwisha zijadilini kwa kadiri mtakavyo.

#29 Bahari Kuu

Kabla uzi haujalala, naomba tumkumbuke Bibi Titi Mohamed. Mwanamke aliyezunguka Tanganyika yote kuwaingiza wanawake katika harakati za uhuru, alishtakiwa kwa uhaini na mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 alisamehewa. Baadaye mtaa mkubwa wa Dar es Salaam ukapewa jina lake, na watu wanapita pale kila siku bila kukumbuka hati ya mashtaka. Sijui hilo linaunga mkono nadharia ya nani hapa.

#30 Fundi Saa

Ndugu zangu, mrejesho. Shangazi amelifungua kundi, nami nikaubandika uzi huu pale. Binamu amekubali kwamba kwa waliotia saini atasema «wahujumu» mpaka apate ushahidi wa zaidi. Baba mdogo ameusoma wote, hakukubali kitu, ila ameuliza swali moja: kama mmoja wa waliotia saini ana uraia wa nchi 2, na moja ya nchi hizo ndiyo ya kampuni, utii wake uko wapi? Nimeshindwa kumjibu.

#31 Mama Wawili

Mwambie atafute kesi ya Tomoya Kawakita. Alikuwa raia wa Marekani na wa Japani, na wakati wa vita aliwatesa mateka wa Kimarekani huko Japani. Alijitetea kwamba wakati huo alikuwa amechagua Ujapani. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema, kwa kura chache za kuzidiana, kwamba mtu anaweza kuwiwa utii na nchi 2 kwa wakati mmoja. Alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, na mwaka 1963 akaachiwa kwa sharti la kurudishwa Japani asikanyage tena Marekani.

#32 Fundi Saa

Nimemtumia. Baba mdogo amejibu, «Unaona?» Binamu naye amejibu neno hilohilo, sekunde ileile. Naona wote wawili wanaandika tena, na shangazi yuko hewani.